Mbwa ana cheti cha michezo lakini mtaani anakuburuza, tatizo liko wapi?

#1 – mleta uzi

Wakuu salama? Najua kuna watu watanuna ila swali hili linarudi kila siku kwa sura tofauti, acha tulijadili mara moja. Mtu amempeleka mbwa wake kwenye michezo, iwe IGP (mchezo wa Kijerumani wa kufuata nyayo, utii na ulinzi), iwe ajiliti (kukimbia kwenye vikwazo), iwe ringi (mchezo wa ulinzi wa kung'ata mtu aliyevaa suti), iwe mashindano ya utii tu, mbwa kafaulu vizuri, je huyo mbwa sasa anafaa kupita naye kwenye watu, kusimama naye kituo cha basi, kupanda naye lifti na jirani mwenye mtoto? Wengi wanajibu ndio bila hata kufikiria, kwamba kama anaruka kikwazo cha mita 1 na dambeli (kile kipande cha mbao cha kubeba) mdomoni atashindwaje kupita pembeni ya mtoto anayekula biskuti. Mi nasema anashindwa, tena kirahisi sana, na wala sio kwamba mbwa ni mjinga.

Mwangalie mbwa wa IGP anavyoingia uwanjani kwenye kipengele cha utii. Kabla hajaambiwa neno ameshajua kinachokuja. Ameiona ile fulana ya mazoezi yenye mfuko mgongoni, amevuliwa kola pana amevishwa mkufu, nyasi ni zilezile, bosi wake amenyoosha mgongo na kutoa kifua kama siku zote. Mbwa anabandika bega kwenye goti la kushoto, shingo juu, macho kwenye kwapa maana huko ndo mpira huwa unadondokea. Anatembea hivyo uwanja mzima, anapita katikati ya kikundi cha watu, bastola inalia mara mbili, hageuki. Inapendeza aisee, mi mwenyewe huwa nasimama kuangalia.

Sasa huyohuyo mtoe getini jioni. Umevaa sandozi, mkono mmoja una mfuko, mwingine una simu, mkufu haupo, kwapani hakuna kitu, unatembea umeinama kidogo kwa sababu umechoka na kazi. Unamwambia neno lilelile la uwanjani anakuangalia sekunde moja halafu anaenda zake kunusa ukuta. Mtu anasema kaanza ukaidi. Hapana bana, neno lilikuwa kipande kidogo tu cha ile ishara, vipande vingine vyote umeviacha kabatini!

Mbwa hajumlishi mambo kama sisi. Ukimfundisha kukaa jikoni mbele ya friji, amejifunza kukaa jikoni mbele ya friji, sebuleni unaanza upya (haraka zaidi, ila unaanza). Na hata tabia mbaya uliyoizima sehemu moja inaweza kuibuka ukimpeleka sehemu nyingine, au hata palepale baada ya muda kupita, Pavlov aliliona hilo kwa mbwa wake, mate yaliyokuwa yameacha kutoka yakarudi baada ya mapumziko tu bila kufundishwa tena. Kwa hiyo mtu akikwambia mbwa wake "ameshaacha kabisa" kurukia baiskeli, muulize ameacha wapi.

Lakini hilo la mazingira ni nusu ya ishu, tena nusu nyepesi, ukizunguka naye sehemu nyingi linaisha. Nusu nzito ni mudi. Michezo inalipa moto. Mbwa anayekuja taratibu anakatwa pointi, anayelala polepole anakatwa pointi, anayetembea masikio yameanguka utasikia jaji anasema mbwa hana furaha. Kwa hiyo miezi na miezi unamjengea mbwa kwamba ukiwa karibu nami na kuna watu na kuna kelele basi panda mzuka. Wakati mtaani karibu kazi yote ya mbwa ni kutofanya kitu. Asimsalimie yule, asimjibu yule mbwa wa kule, asiokote ule mfupa, akae tu wakati wewe unaongea na mtu dakika 10. Hakuna uwanja ninaoujua unaotoa kombe kwa mbwa aliyeboreka vizuri.

Na tusisahau haya majaribio yalitengenezwa kwa nini. IGP ni ileile ya zamani, Schutzhund, ikaja kuitwa IPO mpaka 2019 wakabadilisha tena jina. Wajerumani waliitaka ili kuchuja mbwa wa kuzalishia, wajue yupi ana mishipa ya fahamu imara, pua na moyo wa kazi. Ni kipimo cha mbwa, na ni kizuri kwa hilo, ila kukaa na familia ghorofani hakukuwa kwenye karatasi ya maswali.

Karibuni tuongee, ila tusitukanane.

#2

Mkuu nakuheshimu ila umeruka kitu kikubwa. Huingii IGP 1, ngazi ya kwanza, kabla hujapita BH (mtihani wa awali wa utii na tabia), na BH ina sehemu mbili, ya uwanjani na ya barabarani. Hiyo ya barabarani baiskeli inapita, mkimbiaji anapita, gari linasimama mtu anakuuliza kitu, halafu mbwa anafungwa peke yake wewe unajificha na mbwa mwingine anapitishwa mbele yake. Na haruhusiwi kujaribu kabla ya miezi 15 ili awe amekomaa akili. Sasa hapo unasemaje michezo haigusi mtaa? Wangu amepita BH mara ya kwanza na naenda naye popote, watu wanampenda.

#3 – mleta uzi

Hoja nzuri, na hiyo sehemu ya barabarani mi naipenda kuliko mchezo wote uliobaki. Lakini hebu angalia inavyohesabiwa. Ya uwanjani ina pointi 60 na unatakiwa upate 42 upite. Ya barabarani haina pointi hata moja, ni jaji tu ameridhika au hajaridhika. Ukija IGP yenyewe ni nyayo 100, utii 100, ulinzi 100, barabara imeshasahaulika na hakuna anayekurudisha kule. Binadamu anafanyia mazoezi kinachohesabiwa, ndo tulivyo. Na mara nyingi yule mkimbiaji na yule wa baiskeli ni wanaklabu wenzako, mbwa anawajua mpaka harufu ya viatu.

Linganisha na ule mtihani wa AKC, chama cha mbwa cha kule Marekani, Canine Good Citizen, upo tangu 1989. Vipengele 10, hakuna kuruka wala kung'ata. Mgeni anakuja kukusalimia mkono mbwa anabaki palepale, mtu anamshika masikio na miguu ya mbele, anapita katikati ya watu, anakutana na mbwa mwingine, unamwachia mtu kamba unapotea dakika 3. Chakula na mpira haviruhusiwi. Wana michezo wanaucheka kwamba ni mtihani wa watoto. Ningeambiwa nichague mbwa wa kukaa naye nyumba moja na wapangaji wengine, simjui, nina karatasi tu, ningeanza kuangalia hii kabla ya makombe.

Ila sijasema hakuna kinachobebeka, naona watu wananisoma hivyo. Lile zoezi la kulala muda mrefu ni dhahabu. Mbwa mmoja analala pembeni mwingine anafanya kazi yake yote, IGP 3, ngazi ya juu, wewe mwenyewe umejificha hatua 30 hivi kutoka alipo, hakuoni. Ukiliweza hilo kweli basi umebeba kitu cha maana kwenda nacho benchi la hospitali ya mifugo. Neno nalolisisitiza hapo ni kweli. Nenda kaangalie miguu ya nyuma ya mbwa aliyelala uwanjani. Wengi wamekaa wima, viwiko vinagusa nyasi kwa shida, misuli ya mapaja imekaza, macho kwa mbwa mwingine, analia chinichini kama mluzi. Mwili umelala, yeye mwenyewe yuko kwenye ile dambeli ya mwenzie. Aliyetulia utamjua, kiuno kimeanguka upande mmoja, anapumua kwa pua, baada ya muda kidevu kinashuka chini. Jaji anawapa wote wawili alama, mtaa unampa mmoja tu.

#4

Mimi niko ajiliti na Border Collie (mbwa wa kuchunga kondoo), naomba niongeze upande wetu maana nyie wa mikono ya kung'atwa na bastola mnadhani mpo peke yenu humu.

Kwetu tatizo ni foleni. Mbwa anasubiri zamu yake huku anaangalia wenzie wakikimbia, anabweka, anang'ata kamba, anazunguka, na klabu nzima wanacheka wanasema huyu ana hamu ya kazi. Hakuna anayekumbuka kwamba muda wa foleni ni mrefu kuliko muda wa kukimbia! Kukimbia kwenyewe hakumalizi hata dakika, foleni nusu saa. Sasa mbwa amefundishwa nini zaidi siku hiyo? Amefundishwa kwamba nikiona kitu kinakwenda kasi napiga kelele. Halafu Jumatatu mwanafunzi anapita na skuta mtaani mnashangaa. Wale wa flaiboli ndo usiseme, timu ya mbwa 4 wanapokezana na wote wanapayuka, ni sehemu ya raha yenyewe.

Sasa hivi wangu anasubiri ndani ya gari limefunikwa, nikikaribia zamu ndo namtoa. Kelele za mtaani zimepungua kwa kiasi nilichoweza kukiona.

Ila kuna faida ambayo sijaiona ikitajwa. Ule ubao wa bembea, ule unaoinuka na kushuka, umemfanya asiogope sakafu yoyote. Lifti, ngazi za chuma zenye matundu, daraja linalotikisika, mizani ya daktari, anapanda tu. Na akiwa mbali ana kasi zote nikimwita anageuka, maana kwenye ajiliti kazi yote inafanyika akiwa mbali na mimi. Hivyo viwili vimenifuata nyumbani bila kuvihangaikia.

#5

Samahani jamani mi sina mbwa, mi ni jirani wa mtu mwenye mbwa wa hiyo IGP. Mnaongelea pointi na makombe, mi nataka kujua kitu kimoja. Mbwa anafundishwa kung'ata watu makusudi kabisa kila wiki, halafu nikutane naye kwenye ngazi nyembamba na mtoto mgongoni niambiwe "hana shida huyo ameenda shule". Kweli?

#6 – huwa navaa mkono

Nikujibu mimi kwa sababu mimi ndo yule anayeng'atwa, klabuni nafanya hiyo kazi ya kuvaa mkono, yaani ile kinga nene ya gunia ambayo mbwa anaing'ata.

Mbwa wengi wa IGP ninaowashika wanaupenda mkono, sio mimi. Akishang'ata vizuri nauachia, unachomoka, anaondoka nao anazunguka duara kichwa juu kwa majigambo, mimi nimebaki pale mikono mitupu ananipita kama mlingoti wa taa. Ndo maana mtu akiniuliza "huyu akija mwizi atanilinda?" huwa sijibu ndio, maana mwizi haji na mkono wa gunia. Ringi ya Wafaransa, Mondioring na KNPV ya Waholanzi ni habari nyingine kidogo, kule unavaa suti mwili mzima, mbwa anang'ata mguu, paja, mkono, picha iliyoko kichwani mwake inasogea kwa mtu mwenyewe zaidi kuliko kifaa.

Sasa jirani usifikiri nakwambia usiogope. Fikiria picha za uwanjani anazozijua huyo mbwa. Mtu anakimbia kumkimbia yeye. Mtu anapiga kelele amenyanyua fimbo. Mtu mkono wake mmoja mnene kuliko mwingine. Mtaani wapo wote hao, kuna mtoto anakimbilia basi, kuna mzee na fimbo yake anamwita mjukuu, kuna mtu amevunjika mkono kafungwa plasta. Mbwa mwenye kichwa kilichotulia anatofautisha bila shida na hao ndo wengi. Mbwa mwoga aliyesukumwa kwenye mkono na mtu anayetaka sifa hatofautishi, na huyo ni hatari hata asipokuwa na cheti. Mi mbwa wa hivyo nakataa kumvalia mkono, nimeshagombana na watu kwa hilo.

Kuachia nako kuna uwanjani na kuna mtaani. Uwanjani anaachia kwa sababu anajua akiachia mchezo unaendelea, nitapiga kelele tena atang'ata tena. Mtaani akishika kitu hakuna raundi ya pili. Kwa hiyo kwangu mbwa wa ulinzi kutembea bila kamba kwenye watu ni mwiko, awe na pointi 300 zote.

#7

Kwa hiyo hitimisho tuuze mbwa tununue samaki 😂😂

Nina Malinois (mbwa wa kazi wa Kibelgiji) wa miezi 3, nataka michezo na nataka pia awe mbwa wa kutoka naye. Nianze lipi? Mkinitisha sana nitaghairi.

#8 – mleta uzi

Usighairi, ila miezi 3 anza na mtaa, michezo itakusubiri. Scott na Fuller walifanya utafiti wa miaka mingi na watoto wa mbwa kule Marekani, kazi yao ikatoka 1965, na walichoonyesha ni kwamba kipindi cha kuzoea dunia kinafunguka wiki ya 3 na kuanza kujifunga wiki ya 12 hivi. Wako yuko mlangoni hapo. Muulize daktari wa mifugo chanjo zimefika wapi, na kama bado mbebe, kaa naye kwenye benchi mbali kidogo aangalie magari, miamvuli, watu wenye kofia, watoto wakicheza. Aangalie tu. Watu hupenda kila anayepita amshike mtoto wa mbwa, halafu akikua na kilo 30 akamrukia kila anayepita wanashangaa. Afundishwe mapema kwamba watu wapo na hakuna kinachotokea.

Michezo ukianza, tenganisha vitu hivi viwili mpaka kwenye vifaa. Ile ya kutembea macho juu iwe na neno lake na kola yake na uwanja wake, usiitumie kwenda dukani, hakuna mbwa anayeweza kutembea shingo imepinda vile nusu saa na akitoka kwenye mkao bila wewe kumruhusu umeshaharibu zoezi lako la mashindano. Mtaani tumia neno jingine, kola nyingine, ruhusu anuse, sharti moja tu kamba isikaze. Mpira mtaani usiuonyeshe kabisa. Ukitaka kumlipa mbwa kwa kutulia, shusha chakula taratibu katikati ya miguu yake ya mbele huku amelala, ukirusha tu umemwamsha na mzuka umerudi.

Ukimpeleka sehemu ngumu, ongeza kitu kimoja kwa wakati. Kama umati ni mkubwa basi kaa mbali na kaa muda mfupi. Kama unataka akae muda mrefu basi watu wawe wachache. Na kipimo unacho mfukoni, mpe kipande cha nyama anachokipenda, kama hakitaki au anakinyakua mpaka na kidole chako basi mko karibu mno, rudi nyuma bila kumwambia neno. Watu wengi hapo wanaanza kuvuta kamba na kurudia amri mara nane, mbwa hata hasikii saa hizo.

Na siku ya mazoezi usimtoe uwanjani moja kwa moja ukampitisha kwenye watu, bado anachemka yule.

#9

Mimi wa #2 tena. Nimekuelewa kwenye pointi za BH, kweli nikiwa mkweli mazoezi ya barabarani klabuni kwetu hufanywa kwenye maegesho yaleyale na watu walewale. Lakini nabisha hili, bila michezo mbwa wa aina hii angenimaliza. Zile siku hatuendi uwanjani anakula milango. Kwa hiyo huwezi kusema mchezo hauleti utulivu, mchezo ndo unamtoa moto.

#10 – mleta uzi

Hapo tunakubaliana nusu. Kazi anaihitaji, Malinois au German Shepherd wa damu ya kazi ukimfungia nyumbani ni kumtesa. Ila kuna kuchoka na kuna kutulia. Mbwa unayemkimbiza kila siku anajenga pumzi kama mwanariadha yeyote, mwezi ujao atataka zaidi, na siku umeumwa malaria upo kitandani milango italiwa. Kutulia ni somo la peke yake linalofundishwa kama unavyofundisha dambeli. Jaribu na nyayo badala ya mpira siku moja moja, kufuata harufu kichwa chini polepole kunawashusha wengi, na ni kitu kipo ndani ya mchezo wako tayari kwenye sehemu ya A.

#11

Jirani hapa, wa ngazi. Nimesoma yote. Basi nipeni la vitendo, tukikutana katikati ya ngazi nifanye nini mimi?

#12 – huwa navaa mkono

Wewe kazi yako ni ndogo. Usimkazie macho, usinyooshe mkono anuse hata wakikwambia, usianze kukimbia, mtoto mgeuzie upande wa ukuta. Simama palepale halafu mwambie mwenye mbwa kwa sauti ya kawaida arudi kwenye kona amkalishe upande wa ndani, yeye asimame katikati yenu, ndo upite. Akikujibu "huyu hana neno" mwambie sawa, ila rudi kwenye kona. Kama ana cheti cha kweli hiyo ni kazi ya sekunde 5.